Upande wa Tecla

Miaka ile ya hamsini, katika soko la Litein, ukimuuliza Tecla jambo akiwa karibu na jiko, jibu ungelipata akiwa amekwisha fika mlangoni. Alipanguza meza zilizokwisha panguzwa. Alitoka nje akaitazama barabara ya Kericho, akarudi, akafunua sufuria aliyoifunika sasa hivi. Wateja wa hoteli yake walimzoea. Chai yake ilikuwa nzito na mandazi yake hayakunywa mafuta, basi nani angejali kama mwenyewe hatulii?

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Siongiroi, msichana mpole aliyesomeshwa na misheni mpaka akajua kusoma vizuri, kisha akaolewa kanisani na Joram, seremala wa Kikuyu aliyekuja kutengeneza madawati ya shule. Ndugu zake hawakuipenda ndoa ile. Walisema mtu asiyejulikana ukoo wake hawezi kuoa kwao, na kwamba kilichofanyika kanisani kilikuwa nyimbo tu.

Mwaka wa 1954, Hali ya Hatari ilipokuwa imeikaba nchi, askari walikuja asubuhi wakamchukua Joram akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuna aliyetaja kosa lake. Binti yao, Nyathira, aliyepewa jina la mama yake Joram, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno. Tecla hawakumgusa, kwa kuwa hakuwa Mkikuyu. Wakamwachia hoteli, mtoto, na benchi moja ambalo Joram hakuwa amemaliza kulipiga randa. Wateja walijifunza kukalia upande uliolainika.

Kwa muda zilikuja kadi fupi kutoka kambini: niko mzima, salamu kwa mtoto. Kisha zikakoma. Tecla alikwenda Kericho mara moja kuuliza, na karani mmoja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu anayeuliza sana mwishowe naye huulizwa. Akarudi nyumbani. Watu wakasema Joram amekufa. Wengine wakasema ameachiliwa zamani, yuko kwao, ameoa mwingine.

Kwa kanisa, Tecla alikuwa mke wa mtu. Kwa ndugu zake, hakuwa amewahi kuolewa. Kwa serikali, alikuwa mke wa mtu hatari. Akiwasha moto asubuhi hakujua ni yupi kati ya hao watatu anayeuwasha.

Mapema mwaka wa 1958, Mwalimu Bethwel aliingia hotelini na kitabu kwapani. Bethwel alikuwa Mkipsigis pia, mwalimu wa shule ya jirani, mjane ambaye mke wake alifariki akijifungua. Alikuwa mtu wa shati safi na maneno yaliyopangwa. Shuleni kwake lililetwa sanduku la vitabu vya kuazima, na juu kabisa ndani yake kulikuwa na riwaya iliyoitwa *Komeo la Mti*.

"Gazeti limesema hakijaandikwa kitabu kama hiki kwa Kiswahili," alisema, akakiweka mezani kama mtu anayemweka mtoto chini. "Kimeshinda tuzo ya kwanza. Mama Nyathira, ukiniruhusu, nitawasomea watu hapa Jumamosi."

"Gazeti ndilo lililosema pia mvua itawahi," alijibu Lazarus Momanyi kutoka kwenye kona yake. Lazarus alikuwa Mgusii, fundi wa boila katika kiwanda cha chai, mtu mzima aliyepigana vita vya Burma. Alikuja kila Jumamosi akanywa chai bila sukari na kumpinga kila mtu.

Tecla alikubali. Alifikiri wateja wataongezeka, na kweli waliongezeka. Kila Jumamosi alasiri, wachuma chai wakishapumzika, hoteli ilijaa hadi watu wakasimama dirishani. Bethwel alisoma vizuri. Alijua mahali pa kupunguza sauti.

Kitabu kilimhusu mwanamke wa mji mmoja wa pwani, Sikudhani. Mume wake anakwenda vitani, vita vinaisha, wenzake wanarudi, yeye harudi. Hakuna anayeleta habari ya kufa wala ya kupona. Sikudhani anangoja. Anafungua duka dogo la nguo na nyuzi. Kuna fundi cherehani anayempenda na hasemi. Mwanzoni hotelini watu walicheka penye kuchekesha wakanyamaza penye uzito, na walilalamikia lugha tu.

"Hiyo Kiswahili ni ya pwani," alisema mchuuzi mmoja wa kuku. "Sisi hapa tunavunja tu. Hata hiyo komeo nilidhani ni jina la mtu."

"Ni kile kijiti cha kufungia mlango kwa ndani," Bethwel akaeleza.

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Jumamosi hizo Tecla hakusikia sura nzima hata moja. Alisikia nusu akiwa ndani, nusu akiwa nje akipasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kila Sikudhani alipoketi dirishani kungoja, Tecla alikumbuka kitu cha kufanya uani.

Mgawanyiko ulianza kwenye sura ya koti. Mume wa Sikudhani aliacha koti lake zuri limetundikwa msumarini, na kwa miaka yote mke alilipiga brashi kila Ijumaa. Siku moja, bila kulia wala kumwambia mtu, akalishusha akamuuzia mpita njia. Bethwel aliposoma hapo akainua macho, kama mtu anayetaka wengine waone uzuri wa jambo.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Priscillah, mke wa mzee wa kanisa. Yeye na mumewe walikuwa Wakikuyu wa zamani sana pale, wenye shamba na ng'ombe wa maziwa na cheti cha kuaminiwa na serikali, na Priscillah ndiye aliyemshika Tecla mkono siku ya harusi yake wakati jamaa zake wenyewe hawakutokea.

"Koti la mume!" alisema. "Mtu hajazikwa, maiti haijaonekana, na yeye anauza koti?"

"Lingeliwa na nondo, mama," Bethwel alisema kwa heshima.

"Afadhali nondo! Nondo hajala kiapo kanisani." Akajifunga leso yake. "Huyo aliyepewa tuzo, amepewa na akina nani? Hawana waume hao? Hawana wake?"

"Mama Priscillah, mwandishi hasemi alifanya vizuri. Anaonyesha tu jinsi moyo ulivyochoka."

"Moyo ukichoka unaomba. Hauuzi."

Akatoka. Wanawake kadhaa wa kanisa wakatoka naye, ingawa mmoja alikuwa hajamaliza mandazi yake na ilibidi arudi kuyachukua.

Lazarus aligonga kikombe mezani. "Mimi nilirudi kutoka Burma," alisema, na hoteli ikatulia kwa sababu hakuwa na desturi ya kuongea habari zake. "Nilikuta mke wangu kwa mtu mwingine, na watoto. Nilikaa kwake nikanywa uji wake. Nilimchukia yule mama sana. Lakini haya maneno yote ya huyu Sikudhani, ndiyo aliyoniambia. Moja kwa moja. Kama vile huyu mwandishi alikuwa amejificha nyuma ya chungu."

"Kwa hiyo unakubali ni kitabu kizuri," Bethwel alisema.

"Ni kitabu kizuri na sikipendi. Ukweli wake umezidi. Mtu akinunua kitabu anataka kupumzika."

Tangu siku ile Litein ikawa na pande. Waliokuwa na Bethwel walisema ni kitabu cha watu walioamka, na asiyekipenda hajakielewa. Waliokuwa na Priscillah walisema ni sumu iliyotiwa asali. Lazarus akawa upande wa peke yake, akizigombeza zote mbili. Watu ambao hawajawahi kushika kitabu maishani mwao walikuwa na maoni makali juu ya koti. Kwenye foleni ya maziwa, kisimani, barabarani kuelekea Sotik, ungesikia, "Lakini angefanya nini?" na jibu, "Angengoja!"

Tecla aliyasikia yote, na hakuwa mjinga. Alijua kwamba mtu akitazama upande wake huku akisema "Sikudhani," hamfikirii Sikudhani.

Siku moja ya soko kaka yake Chepyegon alifika kutoka Siongiroi akiwa ameleta mbuzi wa kuuza. Hakuwa amekanyaga hoteli ile tangu ifunguliwe. Aliketi, akakataa chai, akaikubali.

"Nasikia kuna kitapu yako hapa," alisema.

"Si yangu. Ni ya mwalimu."

"Nasikia inasema mwanamke aliyeachwa aolewe tena."

"Haisemi hivyo."

"Basi inasema nini?"

"Hilo ndilo wanaloligombania."

Chepyegon alikunywa chai akafikiri. "Mimi niko upande wa huyo mama. Huyo Siku... huyo."

"Hujamsikia hata neno moja!"

"Sina haja. Mwanamke mwenye akili ninamjua kwa sifa." Akaweka kikombe chini, na sauti yake ikalainika. "Tecla, dada yangu, mpaka lini? Huyo mwalimu ni mtu wetu. Anakuja hapa kila wiki na kitapu mkononi. Unafikiri ni kitapu kinamleta?"

Tecla alichukua kikombe kilichokuwa bado na chai ndani, akaenda kukiosha.

Yalikuwa hivyo kwa kila mtu. Priscillah alimwita kando baada ya ibada, akamshika kiwiko. "Wewe unasemaje juu ya huyo mwanamke?" Lazarus alimuuliza. Wachuma chai walimuuliza. Akajibu wote jibu moja: "Sina upande. Nina chai." Walicheka, na yeye akacheka, kisha akaenda uani akasimama katikati ya kuku bila kukumbuka alichofuata. Shida ilikuwa kwamba hakuwa anaficha jibu. Hakuwa nalo. Asubuhi alikuwa na Priscillah, moyo wake wote. Kufika saa sita alikuwa ameuza koti na msumari pia.

Sura ya mwisho ilisomwa Aprili. Hoteli ilijaa kuliko siku zote. Bethwel alikuwa amefika kurasa za mwisho kabisa wakati mvua ya mawe ilipoanguka, ile ya huko kwetu inayokuja na kiza alasiri na kuyapasua majani ya chai kama mtu anayeyapiga kwa fimbo. Mabati yalinguruma. Bethwel alifungua mdomo akaufunga. Hakuna aliyeweza kumsikia, na hakuna aliyetaka kuondoka. Watu walikaa wakimtazama, kitabu kikiwa wazi mkononi mwake, kelele juu ya vichwa vyao, barafu ikiruka mlangoni. Na mlangoni hapohapo, Priscillah aliingia na kiondo kichwani.

"Najikinga tu," alisema kwa nguvu alipoona anatazamwa. Alibaki pale baada ya mvua kupungua.

Bethwel alisoma. Sikudhani yuko nyumbani, mvua inanyesha. Siku ile ile fundi cherehani amepata ujasiri wa kusema, na yeye ameomba apewe hadi kesho. Mlango unagongwa. Sauti ya nje haisikiki kwa mvua. Sikudhani anainuka, anauliza nani, hakuna jibu, mlango unagongwa tena. Anaweka mkono juu ya komeo.

Bethwel akafunga kitabu.

"Endelea," alisema mchuuzi wa kuku.

"Imeisha."

"Imeisha wapi?"

"Hapo. Mkono juu ya komeo. Ndiyo mwisho."

Kelele iliyofuata iliishinda mvua ya mawe. Wengine walidai karatasi zimechanwa, wakakinyang'anya kitabu wakakikagua mshono. Wengine waliapa kwamba mwandishi alikosa wino. "Miezi hii yote!" mtu alilia. "Miezi hii yote tumekaa kwenye benchi lenye vibanzi kwa ajili ya hii?" Bethwel, uso umemwiva, alijaribu kuwaeleza kwamba huo ndio ufundi wenyewe, kwamba mwandishi ametuachia sisi.

"Sisi tumeachiwa mambo mengi," alisema Lazarus. "Hili angelimaliza mwenyewe."

"Anafungua," Priscillah alisema kutoka mlangoni. "Mume amerudi, anafungua."

"Nani amesema ni mume?" Bethwel alimgeukia. "Na akiwa mume, baada ya miaka hiyo yote ya kimya, lazima afungue? Mimi nasema mkono wake unabaki hapo mpaka anayegonga achoke."

Alipomaliza kusema alimtazama Tecla. Wote wakamtazama Tecla. Alikuwa na birika mkononi. Aliliweka juu ya meza isiyo na mtu, akatoka nje akaanza kufagia barafu, na aliendelea kufagia hata pale ilipokuwa imekwisha yeyuka.

Wiki iliyofuata Bethwel alikuja siku isiyo ya kusoma, hoteli ikiwa tupu. Alikuwa amehamishiwa shule moja karibu na Sotik. Alieleza kuhusu nyumba ya mwalimu, bustani, shule nzuri kwa Nyathira. Kisha akasema, "Nimekuwa nikijiuliza, kama fundi cherehani angemuuliza Sikudhani waziwazi, asubuhi, kabla mlango haujagongwa, angejibu nini?"

"Mwalimu," Tecla alisema, "usiniulize kwa mdomo wa mtu ambaye hajazaliwa. Kama una neno, niulize mimi."

Bethwel alivua kofia. "Ungekubali kuolewa na mimi, Tecla?"

Sasa, watu wa Litein walipoeleza habari hii baadaye, walipenda kusema alikataa palepale. Si kweli. Alimtamani. Alitamani shati lile safi likauke kwenye kamba yake, na mtu wa kumuuliza mambo ya mtoto. Alimwambia hivyo, si kwa maneno mengi. Kisha akamwambia, "Nipe muda. Na niachie kitabu."

Alikisoma peke yake asubuhi, kabla wateja hawajafika, akiwa amesimama kando ya jiko. Kilimpendeza kuliko alivyotarajia. Kulikuwa na ukurasa juu ya harufu ya nguo za mtu aliyeondoka ambao aliusoma hadi machozi yakamtoka, akasingizia moshi. Kisha kurasa chache mbele kilimkasirisha hadi akakitupa kwenye unga. Ni nani aliyekuwa anapika, Sikudhani akiwa dirishani? Kwa nini kila mtu katika mji ule alikuja kwake, mmoja baada ya mwingine, akasema anachotaka, na yeye alikaa akangoja agongewe? Alikiokota akakipanguza. Miaka yote hiyo ya vita na baada ya vita, hakuna mahali Sikudhani alipanda hata mkokoteni kwenda kuuliza.

"Hakuuliza kwa sababu aliogopa," Tecla alijisemea kwa sauti, na alipojisikia, akatulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatatu alimwachia Priscillah funguo za hoteli akapanda basi la Kericho.

Karani hakuwa yule wa zamani. Alimwambia arudi. Akarudi. Akamwambia jina limeandikwa vibaya, arudi. Tecla alirudi tena na tena, akakaa ukumbini pamoja na watu waliokuja kwa kesi za mashamba na ng'ombe, na kila askari aliyepita alidhani amekuja kumkamata. Mwishowe karani alimwita dirishani kama mtu anayetangaza bei ya mahindi.

"Huyu ameachiliwa. Yuko kijijini kwao, Fort Hall. Haruhusiwi kutoka lokesheni yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uliopita."

Alikuwa amejiandaa kusikia amekufa. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Joram alikuwa hai, amekaa mahali, amekula Krismasi, na hakuleta hata kadi. Mlango wake haukuwa umegongwa na haukuwa karibu kugongwa. Kwenye basi la kurudi aliwacheka Bethwel na Priscillah kwa moyo mchungu, walivyopigana juu ya kufungua na kutofungua.

Alimwambia Bethwel kabla ya mtu mwingine yeyote. "Nakwenda huko," alisema. "Usinisubiri. Nikirudi peke yangu, usifikiri nimerudi kwako. Sijui nitarudi mtu gani."

Bethwel aligeuza kofia mkononi. "Hiyo haimo katika kitabu," alisema, akijaribu kutabasamu.

"Haimo."

Priscillah alilia kwa furaha, akamfungia viazi na maharage ya safari na kusema alijua tangu mwanzo yuko upande wake. Tecla hakubishana naye. Chepyegon aliapa hatasema naye tena, kisha akaleta gudulia la mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, awapelekee "hao watu," ili wasiseme Wakipsigis hawana adabu.

Safari ilikuwa ndefu, Nakuru, Nairobi, Thika, mtoto amelala mapajani na gudulia katikati ya miguu. Kijiji cha kina Joram hakikufanana na kijiji. Nyumba zilipangwa mistari kama mahindi, nje kumechimbwa handaki, na mkuu wa kijiji alimwuliza maswali mengi akiwa amesimama juani. Mkipsigis anataka nini huku? Alisema anamtafuta mume wake. Walimwonyesha nyumba.

Mama mzee alikuwa nje akichambua kunde. Hakujua Kiswahili, na Tecla hakujua Kikuyu. Tecla alimsogeza mtoto mbele, akasema neno moja: "Nyathira." Mama mzee alimtazama mtoto, akaweka mkono kifuani pake, akasema, "Nyathira," akijitaja mwenyewe. Kisha akainuka akaanza kuita kwa sauti kali kuelekea mashambani, kama mtu aliyeona moto.

Joram alikuja na jembe begani. Alikuwa mwembamba, nywele zimemtoka mbele, na kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda. Alisimama mbali. Hakuwa na mke mwingine. Mtu aliweza kuona hivyo kwa shati lake tu, lililochanika bila kushonwa.

"Umekujaje?" aliuliza.

"Kwa basi."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna aliyenikataza. Wewe nani alikukataza kuandika?"

Joram aliweka jembe chini. Walikaa kwenye gogo kando ya nyumba, mtoto akiwa kwa bibi yake akipewa kunde za kuchezea. Waliongea juu ya basi, juu ya mvua ya mawe, juu ya bei ya sukari. Halafu Joram akasema, bila kumtazama, "Kambini tuliletewa vitabu. Kulikuwa na kimoja cha mwanamke na mlango. Watu karibu wapigane. Wengine waliacha kula pamoja."

Tecla alimgeukia. "*Komeo la Mti*."

"Unakijua?"

"Joram, kimesomwa hotelini mwangu mpaka benchi zikachakaa. Wewe ulikuwa upande gani?"

"Karibu wote walisema atafungua. Walikuwa na wake, lazima waseme hivyo. Mimi nilisema asifungue."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimjua aliyekuwa nje." Alikunja ule mkono wenye kidole kilichopinda akaufunika kwa mwingine. "Mtu akigonga baada ya miaka hiyo, si yule aliyetoka. Nilisema, mwacheni mama huyo na duka lake. Walinizomea. Basi walipoachilia watu, nikaona nisimfanye mtu asimame mlangoni akiwa na mkono juu ya komeo. Nikanyamaza."

Tecla alikasirika. Alimkasirikia yeye, mwandishi, na kila aliyempa mwandishi tuzo. "Ulinifanyia uamuzi," alisema. "Kama wengine wote. Wote mlikuwa mnajua mwanamke huyo atafanya nini."

"Wewe ungefanya nini?"

"Sijui! Mimi nimekuja kwa basi!"

Mama mzee aligeuka kuwatazama. Joram alianza kucheka, cheko baya lenye kutu la mtu ambaye hajalitumia, na hakuweza kuacha, na halikuwa tena cheko. Tecla hakumshika. Alikaa palepale kwenye gogo hadi kilio kilipopita, kisha akamwuliza kama mursik wanaujua, kwa sababu ulikuwa unachacha juani.

Alikaa kule siku kadhaa, akarudi Litein na mtoto. Hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Bethwel alikuwa amekwisha hamia Sotik, na alioa mwaka uliofuata, mwalimu mwenzake. Kitabu kilirudishwa sandukuni kikiwa na unga katikati ya kurasa, na kwa muda mrefu baadaye, watu wawili wakikosana sokoni kuhusu lolote, angetokea wa tatu kusema, "Haya, mmoja afungue, mwingine asifungue."

Joram alikuja baada ya Hali ya Hatari kuondolewa. Alipata kazi ya kutengeneza masanduku ya chai. Hakuwa mume rahisi. Aliweza kutoka katikati ya chakula akatembea hadi jua lizame, na Tecla alijifunza kutomfuata, ingawa masikio yake yalimfuata. Nyathira alimwita "huyo mtu" kwa miezi mingi. Joram hakumrekebisha, na mama yake hakumlazimisha.

Alasiri moja ya soko, Tecla akiwa jikoni, mteja aliuliza fundi yuko wapi, ana mlango unaotaka bawaba. Alimsikia Nyathira akijibu kutoka mezani, bila kuinua macho kwenye hesabu zake za shule:

"Baba ametoka."

"Atarudi lini?"

"Sijui," mtoto alisema. "Ngoja kama unataka. Au kamtafute, amepita njia ya kiwandani."